Tarehe ya Waliokombolewa Rumonge

Ukikaa barazani Bujumbura utasikia kwamba habari ya mtumwa kuachwa huru kisha kupewa kazi kwa masharti ilianza na boma la Mjerumani, Usumbura. Sisi wa Rumonge, na wa Bugarama tuliotiwa mkoa mmoja nao mwaka 2015, hatukubali. Boma lile ni la miaka ya mwisho kabisa ya karne ya 19. Rumonge ilikuwa na watu waliokombolewa mapema zaidi, na jembe lilikwisha kuwa mikononi mwao.

Asili yake ni hii. Mwaka 1878 Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alituma msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe kuja bara. Padri Pascal alifia njiani. Padri Livinhac na wenzake wakashika njia ya Buganda. Padri Toussaint Deniaud ndiye aliyeletwa kwetu: Januari 1879 aliingia Ujiji, akaona mji uko chini ya mkono wa Waarabu na Waswahili wa biashara, na kuishi chini ya macho yao hakukumpendeza. Akafuata ufuo kwenda kaskazini, akashuka Rumonge, akajenga. Kulima kwake, kufundisha kwake na kuvumilia kwake homa kungejaza kitabu kizima. Huyo ndiye mzee wa mji wetu, asemaye vinginevyo aseme.

Kukomboa kwenyewe kulikuwa kununua. Fedha ya ziwa siku zile ilikuwa nguo na shanga, na sokoni Ujiji shanga za sofi ndizo zilizopokelewa. Mtoto akishalipiwa alihesabiwa huru, ila uhuru wake ulikuwa na ua: sala na masomo, kisha shamba la misheni. Mpango ulikuwa akikua aozwe msichana aliyekombolewa kama yeye, wapewe kibanda na kipande cha ardhi kando ya kanisa, walime chao na cha mapadri, wakae chini ya amri ya padri. Rumonge haikudumu hata kufikia harusi hizo. Zilifungwa Kibanga, Mpala na Karema.

Haikudumu kwa sababu ya mtoto mmoja. Alikuwa amekombolewa na misheni, akaishia mikononi mwa Wabikari, majirani. Mapadri wakamdai. Kwao alikuwa mtu huru aliyeporwa. Nami naona kwa Mbikari alikuwa mtu aliyenunuliwa kama wengine wote walivyonunuliwa, na mnunuzi mmoja hana utukufu kuliko mwingine. Nguo ni ile ile, shanga ni zile zile. Tarehe 4 Mei 1881 ugomvi ukawa vita. Waliuawa Deniaud, Padri Augier, na Félix d'Hoop, Mbelgiji msaidizi wao. Waliosalia wakavuka ziwa mpaka Mulweba, upande wa Masanze, na watoto wao.

Hapa sina budi kusema neno. Kanisa la Burundi huhesabu umri wake tangu misheni ya Muyaga, mwaka 1898. Muyaga ni pazuri, sina ugomvi na watu wake. Lakini kutoka 1879 mpaka 1898 ni miaka 19, na damu ya watu watatu haifutwi kwa kuwa misheni ilihama. Tuendelee.

Katika waliokombolewa na mapadri hawa mmoja amenishangaza kuliko wote: Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni, akavushwa Sahara, akakombolewa Algeria, akasomeshwa uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini yetu, ufuo wa mashariki wa ziwa letu hili hili, akaoa binti wa mtemi wa Wabende, akatibu watu hapo mpaka alipokufa mwaka 1956. Kule alikokombolewa ni jangwa; alikolipa deni lake ni ziwani.

Upande wa wauzaji, Rumaliza wa Ujiji, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliendesha biashara ya watu kandokando ya ziwa, akapigana na Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, asimweze. Yatosha.

Mjerumani hakuufuta utumwa, aliupimia siku. Amri ya 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa mali yake, na ikamlazimu bwana kumwachia siku mbili kila juma ajifanyie kazi zake. Amri ya 1904 ikaongeza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Kule Unguja hesabu ilikuwa nyingine: Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri tarehe 6 Aprili 1897, mtumwa akaenda mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, kisha wengi wakabaki kwenye mikarafuu ile ile kwa mapatano: nyumba na kijishamba, malipo yake siku tatu za kazi kila juma kwa mwenye shamba. Mtumwa wa shamba huko alikuwa amezoea kuachiwa Alhamisi na Ijumaa. Basi uhuru ulimwongezea siku mbili.

Mbelgiji aliingia 1916. Udhamini wa Shirikisho la Mataifa ukamwagiza aondoe utumwa wote, na kazi ya lazima isiwepo isipokuwa ya umma, tena kwa ujira. Kiboko hakikusoma maneno hayo. Watu wa tambarare ya Imbo na wa milimani walilimishwa kwa amri, na wengi wakakimbilia Buganda na Tanganyika, ambako mkongeni waliitwa manamba. Huko mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Mnyapara alikitia alama kwa siku ambayo kazi ilimalizika tu, na mshahara ulisubiri alama ya 30.