Plagi Nne za Babu: Historia Niliyoikuta Kwenye Trekta la Kijivu

Najua nimekuwa kimya, samahanini. Testi zilipoisha nilikwenda nyumbani Iringa kumwona babu, nimerudi chuo juzi na mikono bado inanuka oili. Rumeti wangu amenigomea kulala na begi langu chumbani, hahaha.

Kisa chenyewe ni trekta. Babu ana Ferguson la kijivu, yeye na marehemu kaka yake walilinunua miaka ya sitini kwa mlowezi aliyekuwa anafunga virago. Lilikuwa limekaa chini ya mparachichi zaidi ya mwaka bila kuwaka. Baba mdogo akasema basi, chuma chakavu kina bei, mnunuzi anakuja Jumamosi na mzani wake. Babu hakubishana. Aliniita pembeni, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye msomi hapa. Nenda mjini kaninunulie plagi nne. Likiwaka haliuzwi."

Nikaenda. Sikuchukua hata plagi moja ya zamani ya kulinganisha. Muuza spea akaniuliza za nini, nikasema trekta, akanipa nne zinazong'aa, "zote sawa dada." Nikalipa, nikapanda daladala najiona mhandisi kabisa.

Babu alishika moja ya mpya, akashika moja ya zamani, akaziweka sambamba kwenye kiganja. Uzi wa ile mpya ulikuwa mrefu karibu mara mbili. Akanitazama tu. "Hii ukiifunga inaingia mpaka ndani, inakutana na pistoni inapopanda. Hapo hata mzani wa chuma chakavu hatutauhitaji, tutauza vipande." Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Usiku ule nilikaa na babu jikoni, na hapo ndipo historia ilipoanza. Mnajua mimi nasoma Ualimu, somo langu ni Historia, na kila siku tunaambiwa tutafute vyanzo vya awali. Nilidhani vyanzo vya awali ni barua na mafaili ya wakoloni. Kumbe na plagi nayo ni chanzo.

Tuanze na mwenye jina. Harry Ferguson alizaliwa Ireland mwaka 1884, mtoto wa mkulima, na Desemba 31, 1909 alirusha ndege aliyoijenga mwenyewe, akawa wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini Ireland. Baadaye akageukia jembe. Alibuni namna ya kufunga jembe kwa nyuma ya trekta katika nukta tatu, linanyanyuliwa kwa nguvu ya mafuta, na jembe na trekta vinafanya kazi kama kitu kimoja. Mwaka 1938 yeye na Henry Ford walikubaliana kwa kupeana mikono tu, bila karatasi, na mwaka 1939 trekta lao likatoka Marekani. Babu yake Ford alipofariki... samahani, Ford mwenyewe alipozeeka, mjukuu wake aliposhika kampuni urafiki ukavunjika. Wakapelekana mahakamani, kesi ikaisha mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. Wadau, mkataba uandikwe!

Trekta la babu ni la ukoo wa TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya nusu milioni. Ni hayohayo ambayo Edmund Hillary, yule wa Everest, aliyaendesha kwenye barafu hadi Ncha ya Kusini, akafika Januari 4, 1958. Linganisheni na ule mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea tuliokariri sekondari: mitambo mikubwa ya minyororo, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, pauni kama milioni 36 zikapotea, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikakiri imeshindwa. Kumbe miaka hiyohiyo kulikuwa na katrekta kadogo ambako mkulima mmoja angeweza kukaelewa.

Sasa plagi. Cheche ya umeme ya kuwashia injini si ya jana, Lenoir kule Paris aliitumia kwenye injini yake ya gesi mwaka 1860. Lakini ilikuwa inasumbua sana mpaka mwaka 1902, pale Gottlob Honold wa karakana ya Robert Bosch alipotengeneza magneto ya umeme wa nguvu pamoja na plagi yake. Halafu kuna Albert Champion, huyu alinichekesha. Alikuwa mwendesha baiskeli wa Paris, akashinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 1899, akahamia Marekani na kuingia kwenye biashara ya plagi. Alipoachana na washirika wake wa kwanza jina Champion likabaki kwao, na plagi zake mwenyewe zikaja kuitwa AC, herufi za mwanzo za jina lake. Mtu ananyang'anywa jina lake mwenyewe dukani!

Alhamisi nilirudi mjini, safari hii na plagi ya zamani mfukoni. Nikapata zenye uzi sawa, unene sawa. Tukafunga, tukachaji betri, babu akasafisha kabureta kwa mswaki. Likawaka! Nyumba nzima ilitoka nje, bibi akapiga vigelegele. Baada ya saa moja hivi likaanza kukohoa, pu pu pu, silinda moja ikalala, nyingine ikafuata, kimya. Baba mdogo akasema tu, "Kesho kutwa Jumamosi."

Tulipofungua plagi, zote nyeusi tii, masizi makavu. Hapo ndipo nikaelewa kwamba urefu na unene havitoshi. Kuna kitu cha tatu: joto. Ncha ya plagi inatakiwa iwe na moto wa kutosha kuunguza masizi yake yenyewe, kama nyuzi 450 na kuendelea, lakini ikipita 850 hivi inawasha mafuta kabla ya wakati na kuharibu injini. Kinachoamua ni ile kauri nyeupe ya ndani. Ikiwa ndefu, joto linachelewa kutoka, hiyo ni plagi ya moto. Ikiwa fupi, joto linakimbia haraka, hiyo ni plagi ya baridi. Injini za kisasa zinazozunguka kwa kasi zinataka za baridi. Injini ya mzee inazunguka polepole na mgandamizo wake ni mdogo, ukiipa ya baridi haipati hata joto la kujisafisha.

Na namba zilizoandikwa ni mtego! Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion namba ikipanda ni ya moto zaidi. Mimi nilikuwa nimesoma namba kwa desturi ya kampuni nyingine. Ni kama kusoma mwaka wa Hijria ukidhani ni wa Masihi.

Ijumaa asubuhi babu alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akafuta kibati kidogo kwenye dashibodi. Zikatokea herufi: TED. "Hiyo D nimeisahau miaka," akasema. TEA lilikuwa la petroli. TED lilikuja 1949, la mafuta mazito ya trekta yanayokaribiana na mafuta ya taa. TEH lilikuwa la mafuta ya taa kabisa, na TEF la dizeli. Kwa nini aina zote hizo? Kwa sababu baada ya vita petroli Uingereza ilikuwa kwa mgao mpaka Mei 1950, na yale mafuta mazito yalikuwa rahisi zaidi kwa mkulima. Uchumi wa vita umeandikwa kwenye herufi moja ya kibati, chini ya mparachichi, Iringa!

Babu akanieleza walivyokuwa wakifanya: unawasha kwa petroli kutoka upande mdogo wa tangi, unasubiri injini ishike moto, ndipo unageuza koki kwenda mafuta mazito. Kabla ya kuzima unarudi petroli, la sivyo kesho haliwaki. Mafuta yasiyoungua yalikuwa yanateremka na kuchuja oili, ndiyo maana walibadilisha oili mara kwa mara. Siku hizi analiwasha kwa petroli tupu, na kwa mgandamizo ule mdogo linakubali. Lakini injini ni ileile ya D, na plagi lazima zichaguliwe kwa kitabu cha D, si kwa kubahatisha wala kwa kung'aa.

Kitabu kilikuwepo! Kwenye sanduku la marehemu kaka yake, kimeliwa na panya pembeni lakini ukurasa wa plagi mzima. Nikapiga picha, nikaenda kwa fundi mzee wa gereji, akatafuta inayolingana na ile ya kitabuni, akanionyesha na kupima mwanya wa cheche kwa kipimo cha vibati. Nilirudi jioni na mvua.

Jumamosi saa tatu lilikuwa linaunguruma. Babu aliliacha lifanye kazi saa mbili, akafungua plagi moja, ncha ina rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka. Mwenye mzani alipofika alikuta tunabeba magunia ya viazi. Akapima haro mbovu na debe moja la misumari, akaondoka. Baba mdogo aliomba kuliendesha, babu akamwambia asubiri, mwalimu kwanza.

Nimelipa nauli mara tatu na plagi dazeni moja kwa somo hili, na bumu lenyewe mnalijua. Lakini nikienda mazoezi ya kufundisha siingii tena darasani na tarehe tupu. Nitaingia na plagi moja iliyokufa, niwaulize wanafunzi: hii imetoka wapi, ilikuwa inaunguza nini, na kwa nini?

Na nyie je, nyumbani kwenu kuna chuma gani kinasubiri mzani? Kifuteni kwanza kibati mkisome. Ngoja nikamalize asaimenti, tutaonana kantini.