Tone la maji lilisubiri plastiki, kisha likasubiri ndoo

Tukisikia "umwagiliaji wa matone" wengi wetu tunafikiria mashamba makubwa ya maua, pampu na mitambo ya bei mbaya. Mwenye matuta matatu ya mchicha nyuma ya nyumba anaona hayo hayamhusu. Historia inasema vingine.

Wazo lenyewe ni la kale. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi, kilichoandikwa China katika karne ya 1 kabla ya Kristo, kinaeleza jinsi ya kufukia chungu cha udongo kilichojaa maji na kupanda matikiti kukizunguka. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta za chungu hadi kwenye mizizi. Basi.

Kilichokosekana karne zote zile ni bomba jepesi na rahisi. Wajerumani walijaribu mabomba ya udongo miaka ya 1860, lakini nani angeweza kufukia mabomba ya namna hiyo shamba zima?

Halafu akaja Simcha Blass, mhandisi wa maji mzaliwa wa Warsaw. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930, huko Palestina, alionyeshwa mti ulionawiri kuliko wenzake bila kumwagiliwa. Walipochimba wakakuta bomba linavuja, tone baada ya tone. Wazo likabaki kichwani miaka mingi, mpaka plastiki ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Yeye na mwanawe Yeshayahu hawakutoboa tu matundu, maana matundu madogo huziba upesi. Walipitisha maji kwenye kijia kirefu chembamba kinachopunguza kasi yake. Mwaka 1965 wakaungana na kibbutz Hatzerim (kijiji cha ujamaa cha kwao) katika jangwa la Negev, na kampuni ya Netafim ikazaliwa.

Ila mitambo ile ilitaka pampu na fedha. Aliyeishusha hadi kwenye bustani ya mboga ni Mmarekani Richard Chapin. Ndoo ya lita 20, juu ya kichanja cha kama mita 1, inateremsha maji kwenye mipira miwili ya mita 15. Unaijaza asubuhi na jioni. Jirani zetu Kenya waliipokea mwaka 1996 kupitia taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI.

Je, ilimaliza tatizo? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wakulima wa Kenya walioachana na vifaa hivi ulitaja matengenezo duni na maji yasiyo ya uhakika. Ndoo inatumia maji kwa uangalifu, lakini haiwezi kuyaleta. Anayeyaleta mara nyingi ni mama au binti mwenye dumu kichwani.

Hapo ndipo naona somo. Kwa sisi wa mjini tunaonunua maji kwa dumu, ndoo, mpira na kitambaa safi cha kuchujia vinatosha kuanza tuta la sukuma wiki. Lakini tusiwaambie walio vijijini kwamba mpira wenye matundu ni mbadala wa kisima. Teknolojia ilishafika kwenye ndoo. Kinachosubiriwa sasa ni maji ya kuijaza, na hilo si swali la wahandisi peke yao.

Mnasemaje, wadau?