Kiunoni mwa mwenye silaha: mkanda ulivyosafiri kutoka jambia la Unguja hadi bastola ya Sumbawanga

Juni na Julai mji wa Sumbawanga huvaa makoti. Mji uko kwenye nyanda za juu za Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za miezi hiyo kwenye mitaa ya Katandala asiye na jaketi ama ni mgeni wa jana ama ni mwanafunzi anayekimbia kengele. Kwa raia aliyepewa leseni ya bastola, baridi hii ni neema. Mwenzake wa Dar es Salaam, mwenye shati jepesi lililolowa jasho, kila akiinuka kitini hushusha mkono kuhakikisha nguo haijapanda. Wa Sumbawanga anafunga zipu tu.

Lakini jaketi kazi yake ni kufunika. Mzigo wenyewe unabebwa na mkanda, nao si mdogo. Glock 17, bastola ya Austria iliyoanza kutumika mwaka 1982 na ambayo leo iko katika nchi nyingi, ina gramu 625 ikiwa haina magazini, na hukaribia gramu 900 magazini ikijaa risasi 17. Browning ya mwaka 1935, iliyobebwa na majeshi mengi yaliyorithi silaha za Waingereza, ni nzito zaidi. Mkanda wa suruali wa kawaida haukushonwa kwa uzito huo. Haukushonwa hata kwa robo yake.

Kuna nyakati katika eneo letu ambapo mkanda wa silaha ulikuwa wa gharama kuliko nguo zote za aliyeuvaa. Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, yeye na watu wake walikuja na hanjari, ambalo pwani tulilizoea kwa jina la jambia. Hilo halikufichwa. Lilikaa katikati ya tumbo, juu kidogo ya kinena, ala yake ikipinda kama ndoana, na lilishikiliwa na mshipi wa ngozi uliotariziwa nyuzi za fedha na kuunganishwa na pete za fedha. Asiyekuwa na uwezo wa mshipi wa namna hiyo alijifunga mahazamu, kitambaa kirefu kilichozungushwa kiunoni mara kadhaa, akachomeka jambia lake humo. Aliyejua kutazama angeweza kumpima mtu hadhi, ukoo na mfuko kwa kuangalia kiuno chake kabla hajasalimiwa. Heshima hiyo haijafa: bendera ya Oman imebeba hanjari juu ya panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa kulitengeneza na desturi za kulivaa katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Mshipi ule ulijengwa kwa akili. Ulikuwa mpana, mgumu, umebana, na ulikaa juu ya kanzu bila kutegemea kitu kingine chochote. Uzito wa silaha uligawanyika kiunoni kote. Kila mkanda mzuri wa silaha uliotengenezwa baadaye, uwe wa London au wa Texas, unafuata kanuni hiyo hiyo.

Ufipa ilikuwa na mambo yake. Chuma kilikuwepo, tena kingi. Wafipa walijenga tanuru za udongo zenye kimo cha kumpita mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na mabaki yake yamechimbwa na kuandikwa na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutokana na chuma hicho zilipatikana jembe, shoka, visu na mikuki. Mkuki hushikwa mkononi na shoka huwekwa begani. Kiunoni palibaki nguo, na Wafipa walikuwa wafumaji wa pamba waliosifika. David Livingstone, aliyepita upande huu mwaka 1872, na Joseph Thomson, aliyepita 1880, wote walikuta nchi ya wakulima na wafumaji. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika sana juu ya watu waliouona ugomvi wa silaha kuwa aibu. Nadhani tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunapozungumzia silaha katika mkoa wetu huu wa Rukwa. Kwa muda mrefu mtu wa heshima hapa hakuhitaji kuonekana ameivaa.

Bunduki zilikuja na misafara. Kusini-magharibi mwa Ufipa, katika nchi ya Itawa, Tippu Tip alimshinda chifu Nsama mwaka 1867, na tangu hapo njia za pembe na watumwa kuzunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika zilikuwa njia za baruti. Kaskazini, Karema, wamisionari wa White Fathers walirithi mwaka 1885 ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji, na mwaka uliofuata akafika Léopold Joubert, mwanajeshi wa zamani wa Papa, ambaye baadaye alivuka ziwa hadi Mpala kuwafundisha vijana kupigana na wafanyabiashara wa watumwa.

Mbebaji wa bunduki ya gumegume alikuwa amejaa vitu mwilini: pembe ya baruti iliyoning'inia kwa ugwe begani, beti ya risasi kiunoni, tambara, mawe ya akiba. Mkanda wake ulikuwa ghala. Kisha likaja jambo lililoamua sura ya silaha za vijijini kwa zaidi ya karne. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, huku ukiacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Mkataba ulipambwa kwa maneno ya kukomesha utumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba silaha nzuri ilibaki kwa mtawala na mbovu ikaachiwa mtawaliwa. Gobore linaloendelea kukamatwa mikononi mwa majangili wa Rukwa na Katavi, mara nyingi la kutengenezwa na fundi wa kijijini, ni mjukuu wa uamuzi huo.

Mtawala naye alikuja na mkanda wake. Askari wa Kijerumani waliokaa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, walivaa mkanda mpana wa ngozi wenye mifuko ya risasi mbele, nusu kulia na nusu kushoto, ili uzito ulingane. Waingereza walipoiteka Kasanga Juni 1916, mkanda mmoja uliondoka ukaingia mwingine, na huu wa pili una kisa.

Samuel Browne alikuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi huko India. Agosti 31, 1858, katika mapigano ya Seerporah, alikatwa mkono wa kushoto. Alinusurika, akapewa nishani ya Victoria Cross, lakini akabaki na taabu ndogo ya kila siku: upanga huchomolewa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiishika ala isiyumbe. Yeye wa kushoto hakuwa nao. Akabuni mkanda mzito wa ngozi unaoibana ala mahali pake, na mwingine mwembamba unaopita juu ya bega la kulia kuushikilia ule wa kiuno usivutwe chini. Upande wa kulia akaweka bastola ndani ya ala yenye kifuniko. Maafisa wenzake wenye mikono yote miwili waliuona, wakautaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umeenea jeshi zima la Uingereza, kisha polisi wa makoloni yake, na Tanganyika haikuachwa. Tazama gwaride la maafisa wa Polisi wetu: ule mkanda unaopita begani ni wa Browne. Taifa lilibadilisha bendera, wimbo na amiri jeshi, mkanda wa yule mlemavu wa India ukabaki.

Ngozi ina maadui wawili, maji na ukungu, na majeshi yalikumbana na wote wawili. Mwaka 1908 Waingereza waliwapa askari wa miguu mkanda wa pamba iliyofumwa nene, kazi ya kampuni ya Mills, na toleo la 1937 ndilo lililovaliwa na wengi wa askari wa King's African Rifles waliopelekwa Burma. Katika majeshi hayo askari aliyeshtakiwa huingizwa mbele ya mkubwa wake bila kofia na bila mkanda. Kumvua mtu mkanda ni kumtangaza kuwa kwa dakika hizo si wa kuaminiwa na silaha.

Hadi hapo mkanda wa silaha ulikuwa wa kuonekana: wa sultani, wa askari, wa afisa. Hata leo Mmaasai anayelinda nyumba mjini huvaa sime yake ndani ya ala nyekundu kiunoni, hadharani, na hakuna anayeshtuka. Bastola ya raia ndiyo iliyogeuza mambo. Yenyewe inatakiwa isionekane, na mkanda wake ukae kama wa mtu anayekwenda benki au kanisani. Kazi iliyofanywa na mshipi mpana wa fedha sasa inadaiwa kufanywa na ukanda wa upana wa sentimita 4 unaopita katika vitanzi vya suruali.

Waliobeba hivyo tumewaona kwa macho mara chache, na kila mara kwa sababu mbaya. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi, raia kadhaa wenye leseni waliingia na bastola zao kuwatoa watu. Mmoja wao, Abdul Haji, picha zake zilizunguka dunia. Baadaye akawa seneta wa Garissa. Wakenya wakapata sura ya shujaa, na miaka michache baadaye, kuanzia mwishoni mwa 2018, serikali yao ikawaita wenye leseni wote wahakikiwe upya. Kwetu, Machi 23, 2017, nje ya hoteli moja ya Dar es Salaam, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola Nape Nnauye aliyekuwa ametoka kuondolewa uwaziri, mbele ya kamera. Hakuna risasi iliyolia. Lakini tangu siku ile Watanzania wengi huangalia kiuno cha mwanamume mwenye shati lililoachwa nje.

Sheria haikulala. Ile ya silaha na risasi ya mwaka 1991 ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mwaka 2016 Polisi wakaendesha uhakiki wa silaha nchi nzima. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa mtaa wake, akapanda kwa polisi wa wilaya na kamati za ulinzi na usalama. Wanauliza tabia yake na sababu yake. Mkanda haumo katika mahojiano hayo, na hapo pana upungufu, maana silaha iliyoidhinishwa kwa hatua zote hizo inaweza kuishia sakafuni mwa choo cha baa kwa kosa la ngozi ya shilingi elfu chache.

Hivyo ndivyo inavyotokea. Mkanda laini unapobeba bastola hujikunja ukingo wa juu kuelekea nje. Ala inainama, mshiko wa bastola unaachana na mwili na kuchomoza chini ya koti, na mvaaji anaanza ule ugonjwa wa kujipapasa ambao mwizi yeyote mzoefu anausoma kutoka ng'ambo ya barabara. Akipanda bodaboda, inasukumwa juu. Akifungua suruali, uzito wote unaanguka upande mmoja. Na akiidaka kwa kuparamia, kidole kinaweza kwenda palepale kisipotakiwa, kwenye kifyatulio.

Mkanda unaofaa ni wa ngozi mbili zilizogandishwa na kushonwa kwa uzi kandokando, unene wa milimita 5 hivi, upana uliojaa kwenye vitanzi vya suruali bila kucheza. Ngozi iwe ya mgongo wa ng'ombe, si ya tumbo, kwa sababu ya tumbo hutanuka. Kuupima ni rahisi: ushike ubavuni na ujaribu kuupinda kutoka juu kwenda chini, si kuuzungusha. Ukikubali kirahisi, uache. Kisha angalia ulipokatwa. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana. Ile ya kubandikwa, iliyojaa katika maduka yetu ikiwa na mng'ao wa kudanganya, huonyesha tabaka za karatasi na kitambaa. Ala nayo ifunike kifyatulio chote, na vitanzi vyake viwe na upana ule ule wa mkanda.

Kinachosikitisha ni kwamba mkoa huu una kila kitu kinachohitajika. Ng'ombe wapo wengi, na Sumbawanga ilipata machinjio makubwa ya SAAFI yaliyoanzishwa na marehemu Chrisant Mzindakaya. Dawa ya kusindika ngozi ngumu ya aina hii hutoka kwenye maganda ya miwati, na miwati hiyo imepandwa Njombe na kampuni ya TANWAT tangu 1949. Mafundi viatu wa Katandala wanajua kushona soli kwa mkono, kazi inayodai nguvu zaidi ya mkanda wowote. Hata hivyo anayetaka mkanda mgumu huenda kuuchakura kwenye mitumba, akibahatisha wa polisi wa Ulaya aliyestaafu.

Kwa hiyo wewe mwenye leseni, kabla ya safari ya kuihuisha, vua mkanda wako uupinde ubavuni mezani. Ukilala, mpelekee fundi wa mtaani kwako vipande viwili vya ngozi ya mgongo na ukubali bei atakayokutajia. Hadi utakapokuwa tayari, bastola ikae kwenye sanduku la chuma lililofungwa nyumbani.