Vicksburg: Mji Uliohamia Chini ya Ardhi

Juu ya magenge ya mto Mississippi, mahali ambapo zama zile maji yalipinda kwa ghafla na kuzilazimisha marikebu kwenda polepole, ndipo ulipojengwa mji wa Vicksburg, ambao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ulikuwa kama komeo la mto ule wote, maana mizinga ya Kusini iliyopangwa vilimani iliwanyima Kaskazini njia ya amani ya kushukia baharini.

Jemadari wa Kaskazini, Ulysses Grant, baada ya kushindwa mara nyingi kuufikia kupitia vinamasi vya upande wa kaskazini, alikata shauri la hatari: usiku wa tarehe 16 Aprili 1863 manowari za Kaskazini zilizoongozwa na David Porter zilipita chini ya mizinga ile, na mwisho wa mwezi jeshi likavushwa kusini ya mji, likazunguka huku likipigana mapigano matano, hata tarehe 18 Mei likaanza kuuhusuru kutoka nchi kavu. Aliyeulinda, John Pemberton, alikuwa mzaliwa wa Pennsylvania, upande wa Kaskazini, aliyeoa Virginia, na wengi wa watu wa Kusini walimtilia shaka kwa sababu ya asili yake. Grant alishambulia tarehe 19 na tena tarehe 22, akarudishwa; na majeruhi wa shambulio la pili wakalala juani baina ya maboma mpaka tarehe 25, ndipo silaha zikanyamazishwa kwa saa chache ili maiti wapate kuzikwa.

Lakini mimi, kila nisomapo habari hizi, moyo wangu huyaacha maboma ukaingia mjini. Kwa siku 47 makombora yalinyesha kutoka mtoni na kutoka bara, na raia wakahamia katika mapango yaliyochimbwa kwenye udongo laini wa vilima, wakatandika mazulia, wakaingiza vitanda na viti, wakazaa na kuuguza humo. Wachimbaji wengi walikuwa watumwa, ambao waliwafukulia mabwana zao maficho hali jeshi lililokuwa likija kuwakomboa ndilo lililokuwa likirusha makombora. Nami sijui dhiki iliyo kubwa kuliko hiyo. Unga ulipopungua, mkate ulifanywa kwa kunde zilizosagwa, ukawa mgumu nje na mbichi ndani; kisha wakachinja nyumbu. Hata karatasi ziliadimika, na gazeti la Daily Citizen likapigwa chapa nyuma ya karatasi za kupambia kuta za nyumba.

Jemadari Joseph Johnston, aliyetarajiwa kuja na msaada, hakufika. Tarehe 4 Julai Pemberton alisalimu amri, na askari wake wapatao 29,000 wakaachiliwa kwa ahadi ya kutopigana mpaka wabadilishwe na mateka wengine. Askari wa Grant walipoingia katika kiwanda cha chapa waliikuta Daily Citizen ya tarehe 2 imekwisha kupangwa herufi, ikimdhihaki jemadari wao kwa tamaa yake ya kula chakula cha sikukuu ya tarehe 4 Julai ndani ya Vicksburg. Wakaongeza maneno machache chini yake, kwamba amekwisha kula, wakaipiga chapa juu ya karatasi za ukutani zilizobaki.