Vigango Vilivyopotezewa Majina

Mgiriama wa pwani ya Kenya mwenye hadhi katika Gohu, chama cha wazee, anapofariki, jamaa zake humchongeshea kigango: nguzo bapa ya mti mgumu, yenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu mwili mzima. Husimamishwa bomani, ikafungwa vitambaa, ikamwagiwa tembo la mnazi. Kwa wazee hiyo si sanamu ya marehemu, ni makao ya koma yake, yaani roho yake. Ndiyo maana ukoo ukihama, kigango huachwa pale pale mpaka kioze.

Wezi walijua hivyo. Tangu miaka ya 1970, watalii na wafanyabiashara wa sanaa walipoanza kuvitamani, vigango viling'olewa bomani, vikauzwa kwa bei ya kutupa na kupitia maduka ya vinyago vya watalii hadi ng'ambo. Mamia ya vigango yaliishia Marekani, vingine majumbani mwa watu wa Hollywood, vingine makumbusho. Huko vilipewa namba. Jina la marehemu, la ukoo na la kijiji halikusafiri navyo, na huo ndio wizi mkubwa zaidi.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika, mwenzake Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Familia ilivipokea mwaka 2007. Mzee alikwisha kufa.

Picha moja ilitosha kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Makumbusho ya Denver yalipoamua, mwaka 2014, kuvirudisha vigango 30, hakukuwa na boma la kuvipeleka. Ilibidi vikabidhiwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwani hakuna aliyeandika vilikotolewa.

Waliowajua wenye vigango hivyo wanazidi kupungua. Kaunti ya Kilifi na makumbusho wangewatuma vijana leo, boma kwa boma, wakaulize kilichong'olewa kilikuwa cha nani, nakshi zake zilikuwaje, na wayaandike majina hayo kabla ya kasha lingine la vigango kutua Nairobi.