Faustin Linyekula: Aliyeirudisha Ngoma Nyumbani

Kila Navratri, akina mama wanapoanza mzunguko wa garba mbele ya Mata, majirani zetu Wazigua husimama mlangoni wakitazama, kwani nao ni watu wa ngoma. Ndiyo maana katika kitabu hiki cha kumbukumbu nimependa kuandika habari za mtunzi wa dansi kutoka nchi jirani.

Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, nchini Kongo. Ubundu imeunganishwa na Kisangani kwa reli iliyojengwa kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Basi yeye, kama sisi wa njia panda ya Segera, alikulia kando ya njia ya wasafiri. Kisangani alisomea fasihi na tamthilia. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa katika miaka ya 1990, alikwenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Dansi hiyo haifuati hatua zilizorithiwa za harusi au mavuno. Mtunzi hubuni miondoko mipya kueleza yaliyomo moyoni mwake. Mwaka 1998 kundi hilo lilipata tuzo mjini Luanda.

Baadaye milango ya Ulaya ilimfungukia. Hata hivyo, mwaka 2001, vita vikiwa havijaisha, alirudi Kongo na kuanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa. Kabako ni jina la rafiki yake aliyefariki kwa ugonjwa wa tauni. Mwaka 2006 aliihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake kwa siku sita.

Mimi ni mfanyabiashara, nami huuliza kwanza faida. Faida yake ni vijana waliojifunza dansi, muziki na filamu pasipo kuuhama mji wao. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2011, katika dansi yake ya peke yake iitwayo Le Cargo, aliirudia reli ile ile akizitafuta ngoma za utotoni.

Huko Gujarat ya wazee wetu, Mrinalini Sarabhai alifanya jambo la jinsi hiyo alipoanzisha Darpana mjini Ahmedabad mwaka 1949. Wote wawili walijua kwamba sanaa haidumu pasipo mahali pa kuifanyia mazoezi.

Nasi mahali tunapo. Ukumbi wetu huchangamka usiku tisa wa Navratri, kisha hugeuka ghala la viti, na watoto wetu mmoja mmoja wanahamia Leicester na Toronto. Naiomba Kamati iufungue ukumbi huo kila Jumamosi kwa vijana wa Segera, wetu na wa majirani zetu, wachezee humo garba na ngoma zao, na hata wabuni mpya. Gharama ya umeme nitailipa mimi.

Jai Ambe.