Unauza Tisheti za Kuchongoa Brandi Kubwa? Jua Hii Kabla Mzigo Ubebwe

Unachukua nembo ya kampuni kubwa, unageuza herufi mbili tatu, inakuwa mchongoano. Unaipiga kwa tisheti na wasee wananunua. Biz iko fiti, mpaka siku barua ya wakili inaingia. Cheki vile sheria inasema.

Alama ya biashara ni nini?
Ni jina, nembo au lebo inayomwonyesha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Hapa Kenya inasajiliwa na KIPI. Usajili unadumu miaka 10, na mwenyewe anaweza kuuongeza tena na tena.

Feki na mchongoano si kitu kimoja
Feki inataka mnunuzi adhani ni orijino. Mchongoano unachekesha tu kama anajua si orijino. Noma ni kwamba Sheria yetu ya Alama za Biashara haijaandika popote kuwa utani ni kinga. Design yako ikifanana sana na ya wenyewe na ionekane feki, unaingia kwa sheria ya bidhaa ghushi ya 2008. Kosa la kwanza ni jela hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya dukani kwa kila kipande, au zote mbili. Piga hesabu: tisheti 100 za thao moja moja, faini inaanzia 300,000.

Aliyeshinda: Afrika Kusini, 2005
Laugh It Off waligeuza lebo ya bia ya Carling Black Label ikawa "Black Labour, White Guilt", wakikejeli vile wafanyakazi weusi walinyonywa. Kampuni ya bia, SAB, ilishinda kwa korti mbili za kwanza. Mahakama ya Katiba ikapindua: SAB haikuonyesha ushahidi kuwa tisheti hizo zingeumiza biashara yake.

Aliyeangushwa: Marekani, 2023
VIP Products waliuza toi ya mbwa yenye umbo la chupa ya Jack Daniel's, jina "Bad Spaniels". Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana: ukitumia utani kama brandi ya kuuzia bidhaa yako, hupati kinga spesheli. Kesi ikarudishwa chini.

Sasa ufanye nini?
- Hakikisha utani unasema kitu kuhusu brandi yenyewe. Kukopa umaarufu wake tu ni kujitafutia.
- Weka jina lako kwa lebo ya shingoni, si lao.
- Usichongoe kampuni ya nguo kwa nguo. Hapo ni rahisi mnunuzi kuchanganyikiwa.
- Tafuta jina hilo kwa rejista ya KIPI kabla ulipe mtu wa kuprinti.
- Barua ikifika, usiitupe na usijibu kwa matusi. Simamisha mauzo, tafuta wakili.

Kesi za nje hazifungi korti zetu, lakini wakili wako anaweza kuzitaja. Kuchongoa chongoa, lakini mteja asiwahi kuuliza kama hiyo tisheti imetoka kwao.